UZI: Digrii ya Kiingereza yenye uandishi bunifu Marekani, mambo niliyoyajua nimeshachelewa

Mla_Dagaa_Ughaibuni:

Wakuu kwema? Mimi ni msomaji wa kimyakimya humu mwaka wa nne huu, leo nimeona nishushe uzi kabisa maana haipiti wiki bila dogo mmoja kunifuata PM na swali lilelile, kaka nataka kuja majuu kusoma uandishi bunifu, vigezo vikoje, mi naandika hadithi tangu fomu tuu. Nimechoka kukopi na kupesti. Mwenye swali aulize hapahapa wote tufaidike.

Utambulisho kidogo tu. Mtoto wa Mbagala, fomu six HKL, baada ya matokeo nikakaa nyumbani mwaka mzima nasajili laini kwenye mwamvuli wa bamdogo pale Rangi Tatu, usiku najaza fomu za vyuo kwa bando la jero. Nikabahatisha skolashipu chuo kimoja cha katikati ya Marekani, kule ambako ukitoka nje ya mji ni mahindi mpaka macho yachoke. Jina la chuo sitaji, msinisumbue. Nimebakiza semista moja, BA ya Kiingereza, mkazo uandishi bunifu.

Sasa wengi mnadhani ukija huku unakaa miaka minne chini ya mti unaandika riwaya yako, profesa anapita anakupigia makofi. Haipo hiyo. Digrii nzima ni krediti 120, ukizigawa kwa semista nane ni 15 kila semista, na ukiwa na viza ya mwanafunzi, F-1, huruhusiwi kushuka chini ya 12 hovyohovyo, ukishuka bila kibali hadhi yako ya uanafunzi inaingia matatani. Kwenye hizo 120, meja yangu (somo kuu) inakula 42, yaani kozi 14 za krediti tatutatu. Kuna vyuo meja ni krediti 33, kuna vingine 45, inategemea. Na kwenye hizo kozi 14 zangu, za kuandika ni TANO. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Tisa zilizobaki ni fasihi, kusoma na kuandika esei, kusoma na kuandika esei, mpaka unaota rejea za MLA (kanuni za kunukuu vyanzo) usingizini.

Na hizo 78 nyingine? Hesabu. Sayansi yenye maabara (mi nilichukua jiolojia, nilikuwa nalamba mawe kweli, kuna mawe yanatambulika kwa kulamba). Historia. Lugha ya kigeni, na hapo kwenye lugha nina kisa changu nitakuja kukisema maana bado kinaniuma. Mwamerika haamini kwamba mtu anaweza kuingia chuo akasoma kitu kimoja tu. Anataka ulambe lambe kila sufuria kwanza.

Ngoja nimwagie maji ugali nakuja.

BintiChumbageni:

Nimeshatandika mkeka siti ya mbele kabisa. Kaka mimi nipo Tanga, HGL, nina wani ya pointi saba, naandika mashairi na hadithi fupi. Swali langu la kwanza kabla hujaendelea, hiyo meja unaichagua wakati unaomba chuo au ukishafika? Maana fomu moja niliyoifungua ina sehemu ya kuchagua na nyingine haina.

KifaurongoJr:

Kuandika hakufundishwi. Huo ni ulaji wa wazungu. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha Pangani huko, digrii ya uandishi alisomea wapi? Mtu unalipa maelfu ya dola ufundishwe kutunga ngano ambayo bibi yako alikuwa anakupa bure ukimchambulia mchele.

Mla_Dagaa_Ughaibuni:

Nimerudi.

@BintiChumbageni vyuo vingi unaomba chuo kwanza, meja unaitangaza baadaye, mwisho kabisa ni mwaka wa pili. Ila sikiliza hapa maana ndo wengi wanapigwa: kuitangaza meja ya Kiingereza ni kujaza fomu tu, lakini kuingia kwenye ule mkazo wa uandishi bunifu vyuo kadhaa vina mlango wa pili na huo mlango una mlinzi. Anaitwa potifolio. Sisi ilikuwa hivi, mwaka wa kwanza unachukua ile kozi ya utangulizi, mnagusa kidogo shairi, kidogo hadithi, kidogo esei ya maisha yako. Ukifaulu unaruhusiwa wokshopu ya ngazi ya kwanza. Halafu mwaka wa pili ndo unapeleka kurasa 10 mpaka 15 za hadithi au mashairi sita mpaka nane, na ukurasa mmoja wa kujieleza kwanini wewe. Walimu wanakaa wanasoma. Jamaa yangu mmoja wa hapohapo kwao, mzungu kabisa, lugha ya mama yake, akapigwa chini. Hakufukuzwa, alibaki kwenye Kiingereza cha kawaida, anachambua riwaya tu. Vyuo vingine havina hiyo potifolio, kila mwenye nia anaingia. Kwahiyo kabla hujatuma maombi fungua katalogi ya chuo (orodha rasmi ya kozi na vigezo), siyo lile tangazo lenye picha za wanafunzi wamelala kwenye nyasi, KATALOGI, tafuta idara ya Kiingereza, soma vigezo vya meja neno kwa neno. Na ukishaingia, katalogi inayokuhusu ni ya mwaka ulioingia wewe. Wakibadilisha vigezo ukiwa njiani kwa kawaida wewe unabaki na vya zamani, kwahiyo idownload na uihifadhi hata kwenye imeili.

@KifaurongoJr mkuu sibishani na wewe na wala hujanikera. Ni kweli digrii siyo leseni ya kuandika. Ila mtu akishaamua kulipa ni bora ajue analipia nini, ndo maana ya uzi.

Na hapa nitoe tongotongo moja. Watu wakisikia Iowa wanachanganya. Ile wokshopu maarufu ya waandishi pale University of Iowa, iliyoanza 1936, ni ya MASTAZ, ile wanaiita MFA, unaingia ukiwa na digrii tayari na wanaangalia zaidi kurasa zako kuliko GPA. Iowa hiyohiyo wana BA ya Kiingereza na uandishi bunifu, ni kitu kingine, mlango mwingine. Usije ukamwambia mjomba unaenda kule kwa waandishi wakubwa kumbe unaenda andagradu.

Otero_wa_Nduthi:

Niaje wasee, mimi ni wa Kisumu lakini nasoma hii thread kama ni yangu. Hiyo ya Iowa imenikumbusha kitu lekchara wetu alikuwa anapenda kuongelea. 1968 pale University College Nairobi (ndio University of Nairobi ya leo) walimu watatu, Ngugi, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wakasema hii English Department ivunjwe, fasihi ya Afrika ikae katikati na hiyo ya Uingereza ikae pembeni. Na unajua Taban mwaka huohuo ndio alikuwa ametoka kumaliza hiyo MFA ya Iowa, Mwafrika wa kwanza. Yaani jamaa ametoka kukula ugali yao akarudi akasema hii jikoni ipangwe upya. Hadi leo idara Nairobi inaitwa Literature, haiitwi English. So mtu akija huko anafaa kujua anaenda penye English bado ndio inaitwa English, na Shakespeare ni lazima utampitia tu.

Mla_Dagaa_Ughaibuni:

@Otero_wa_Nduthi umegusa kidonda chenyewe. Kigezo kilichonitesa kuliko vyote kinaitwa "kabla ya 1800". Kozi mbili lazima ziwe za maandishi ya kabla ya mwaka huo. Mimi nilikuwa nazikwepa kama mtu anayekwepa mdai wake, kila semista nasema ijayo, ijayo. Mwaka wa tatu nikachukua Shakespeare nikajua nimeua ndege wawili, maana kwenye katalogi ameandikwa sehemu mbili, kwenye kigezo cha mwandishi mmoja mkubwa na kwenye kabla ya 1800. Nikafungua ile ripoti ya krediti kwenye akaunti ya mwanafunzi, oditi wanaiita, unakuta mistari ya kijani imekamilika na myekundu bado. Kigezo kimoja kijani. Cha pili kimebaki chekundu. Nikairifreshi mara tatu nikidhani neti. Kumbe kuna mstari mdogo chini kabisa, kozi moja haiwezi kuziba matundu mawili.

Ndo nikaangukia kwa Chaucer. Huyu babu alikufa 1400. Kiingereza chake ukikiona unaweza kudhani kibodi imeharibika. Wenzangu darasani walikuwa wanalia, na mimi nilianza kulia nao, mpaka wiki ya pili nikakumbuka mwalimu wetu wa Kiswahili fomu faivu alivyotupitisha kwenye Utendi wa Mwana Kupona, ule wa 1858, kile Kiamu, Kiswahili cha Lamu, unasoma "mato" unajua ni macho, "yuu" ni juu, unaacha kutafsiri neno kwa neno unasoma kwa sauti mpaka sikio lenyewe linakubali. Nikafanya hivyohivyo. Nilikuwa naingia chumba cha kufulia nguo cha hosteli saa sita usiku namsoma Chaucer kwa sauti mashine zinazunguka. Nikapata B pluzi. Kuna dada mmoja aliniuliza darasani umejifunzia wapi, nikamwambia Lamu. Sijawahi hata kufika Lamu.

Af kuna hili la mashairi, Binti sikiliza maana umesema unaandika. Kuna kozi ya bahari za ushairi wao, lazima utunge soneti, mistari 14, kila mstari silabi kumi zenye mapigo matano. Mi nikasema hii ni mteremko, mtu aliyezoea mizani kumi na sita, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho, atashindwa na kumi zisizo na kina cha kati? Nikahesabu kwa vidole fresh kabisa, kumi, kumi, kumi, nikapeleka. Ikarudi ina wino kama imechinjiwa kuku. Kumbe wao hawahesabu silabi tu, wanahesabu MKAZO, ipi inapandishwa na ipi inamezwa. Kwetu mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno, hauna haja ya kuuwaza, umetulia pale kama mlinzi wa benki. Kwao unarukaruka. Neno likiwa nomino mkazo huku, likiwa kitenzi umehamia kule. Mwalimu ilibidi anipigishe meza, ta-TAM ta-TAM ta-TAM, dakika ishirini ofisini kwake mpaka jirani akaja kuchungulia.

ShangaziMkali:

Mwanangu nimekusoma mwanzo mwisho. Swali langu ni moja tu, mama yako anajua umeenda Marekani kusomea hadithi?

Mla_Dagaa_Ughaibuni:

😂😂 Shikamoo shangazi. Mama anajua nasoma Kiingereza. Kanisani kaeleza nitakuwa mwalimu au mkalimani wa mahakama, nimemuacha hapohapo.

Ila najua unachouliza, ni ajira. Nisiwafiche. Ukimaliza ukiwa na F-1 unaruhusiwa kufanya kazi inayohusiana na ulichosoma miezi 12, ile OPT. Mwenzako aliyesoma kompyuta au takwimu anaongezewa 24 juu yake, sisi watu wa Kiingereza hatuongezewi hata siku. Kwahiyo saa inaanza kukimbia mapema. Wakati unasoma unaruhusiwa kazi ya ndani ya chuo isiyozidi saa 20 kwa wiki semista ikiwa inaendelea. Mimi nipo kituo cha uandishi, nasaidia wanafunzi kupanga esei zao, wengi ni hao hao wazaliwa wa hapa, mara ya kwanza mtu akiona jina langu anauliza mwenye zamu yuko wapi. Wenzangu waliomaliza mmoja anaandika maelekezo ya matumizi ya mashine za shamba, mmoja anafundisha, mmoja yupo kwao anaandika na kuuza kahawa. Ndo hali. Ukiniuliza kama ningechagua maina (somo dogo la pili) ya kitu kingine pembeni, ndiyo, ningechukua takwimu au uandishi wa kitaalamu kuanzia mwaka wa kwanza. Nafasi ipo, zile krediti za kuchagua mwenyewe wengi tunazimalizia kwenye yoga.

MpembaWaLeicester:

Assalaam alaykum. Na miye nchangie kwa upande wa Uingereza maana naona mnazungumza Marekani tu. Huku hayo mambo ya hisabati na mawe hayapo. Unaomba kupitia UCAS, mfumo mmoja wa kuombea vyuo vyote, machaguo matano mwisho, na unaomba somo lenyewe tangu mwanzo, mathalan fasihi ya Kiingereza pamoja na uandishi bunifu, miaka mitatu, krediti 360 kwa hesabu ya huku, 120 kila mwaka, na zote ni za somo lako. Ubaya wake, ukigundua mwaka wa pili hulipendi basi pa kuhamia padogo. Na kwa cheti chetu cha fomu six vyuo kadha vitakutaka uanze na mwaka wa maandalizi kwanza, ulizia chuo kwa chuo. Misaada ya ada kwa wageni ngazi ya digrii ya kwanza ni michache mno, hapo Marekani imetuzidi.

Chuo chenye jina kwa uandishi ni UEA (University of East Anglia) pale Norwich, walianzisha mastaz yao 1970. Lakini nimuunge mkono kidogo bwana Kifaurongo. Mzee wetu Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliyepewa Nobeli 2021, yeye miaka yake yote chuo cha Kent alikuwa akisomesha fasihi, na udaktari wake wa 1982 ni wa uhakiki wa riwaya za Afrika Magharibi. Digrii ya uandishi bunifu hana. Alisoma vitabu vya watu na akaandika vyake, basi.

KifaurongoJr:

Asante Mpemba, nilisema mimi.

Mla_Dagaa_Ughaibuni:

Kifaurongo kaka soma vizuri alichosema. Alisoma vitabu vya watu. Ndo kozi zangu tisa hizo.

Na hata Kezilahabi wetu, si alitoka Dar akaenda kuchukua PhD Wisconsin 1985, sasa pale Madison ukimtaja watu wa idara ya Afrika wanakujua unatokea wapi.

Sasa niwape wokshopu yenyewe inakuwaje ndani maana hiyo ndo watu wanalipia. Mpo kama 14, meza imezungushwa. Wiki moja kabla unagawa hadithi yako, dabo spesi, kurasa zina namba, kila mtu kopi yake. Hela ya kuprinti ni yako, mi kurasa 12 mara watu 14 na profesa, hesabu mwenyewe, kadi ya laiburari ilikata palepale. Wenzako wanaisoma nyumbani, wanaandika pembeni, na kila mmoja anakuandikia barua ya ukurasa mmoja. Siku yako ikifika unasoma aya moja kwa sauti, halafu UNANYAMAZA. Dakika arobaini watu wanakujadili kama haupo, "mwandishi amejaribu", "mwandishi hapa amechemka", na wewe mwandishi upo pale umeshika peni. Siku hizi kuna walimu wameacha hiyo sheria ya kunyamaza, wangu hajaacha.

Hadithi yangu ya kwanza ilikuwa ya bibi muuza vitumbua Mbagala anafariki, msiba, ndugu wanagombania kibanda. Wakaanza. Kitumbua ni nini, iandike donati ya mchele. Mwingine akasema haamini kwamba majirani wanaweza kuingia ndani ya nyumba ya mtu bila kupiga simu kwanza. Mwingine akauliza mbona wanaume wamekaa nje na wanawake ndani, mwandishi anatuambia nini kuhusu jinsia. Nikawa nachemka, najisemea moyoni hawa watu hawajui hata msiba. Dakika zikakata, zikabaki kama tano profesa akafungua mdomo mara ya kwanza, hakugusa kitumbua wala majirani, akauliza tu, "ukurasa wa sita, anayechungulia dirishani ni nani?"

Nikafungua ukurasa wa sita. Bibi kafariki ukurasa wa nne. Ukurasa wa sita bibi yuko dirishani anachungulia waombolezaji. Nilihamisha aya usiku wa mwisho nikasahau marehemu kapanda nayo. Watu 13 walikuwa wameshamjadili bibi pale dirishani, kuna mmoja barua yake aliandika kwamba mzimu huo ni matumizi mazuri ya imani za Kiafrika. Ile barua ninayo mpaka leo.

Tangu hapo nikiambiwa nieleze kitumbua naacha kama kilivyo, mwenye njaa atakitafuta. Ila nani anaona, yuko wapi, yu hai au kafa, hiyo naikagua mistari yote kabla sijabonyeza printi.

Fundi_Cherehani:

Nimecheka kwenye daladala watu wamenigeukia. Marehemu kapanda na aya 🤣🤣

BintiChumbageni:

Kaka ulisema una kisa cha lugha, hujakimaliza. Halafu naomba kuuliza na hili, wakati wa kupeleka potifolio naweza kuweka shairi la Kiswahili?

Mla_Dagaa_Ughaibuni:

Ah nilitaka kusahau.

Iko hivi. Kile kigezo cha lugha ya kigeni, vyuo vingi kwa BA wanataka ufike ngazi ya semista ya nne. Mshauri wangu wa masomo wa mwaka wa kwanza, binti mmoja mpole tu, akaangalia skrini akasema chagua Kispanyola, Kifaransa au Kijerumani. Mimi mgeni, shikamoo nyingi, nikachagua Kispanyola. Nikasoma semista nzima saa mbili asubuhi kwenye barafu, como te llamas, krediti nne, na zile krediti ziliingia kwenye za kuchagua lakini muda na nguvu hazirudi. Semista ya pili nipo foleni ya kantini najiongelea kwenye simu na bamdogo, profesa mmoja wa isimu akanisimamisha akauliza hicho ni Kiswahili? Mbona nimesikia uko Kispanyola? Akanipeleka mwenyewe mpaka ofisi ya lugha. Kumbe mtu ambaye lugha yake ya kwanza siyo Kiingereza anaweza kuthibitisha na akaondolewa kigezo chote. Wengine wanakubali vyeti vya shule, wengine wanakufanyisha mtihani, mimi nilifanya vyote viwili, nikapeleka cheti cha fomu foo chenye Kiswahili na nikafanya mtihani wa kuongea na kuandika na mzee mmoja kwa video. Aliniuliza methali tatu. Nikatoa tano.

Sasa angalia usije ukafanya kosa langu la pili. Kuondolewa kigezo siyo kupewa krediti. Kigezo kinageuka kijani lakini krediti zake ni sifuri, kwahiyo 120 zako zinabaki palepale unazijazia kwa kozi nyingine. Kuna vyuo vinatoa na krediti ukifaulu mtihani, uliza kwa maandishi, jibu likija lihifadhi. Ya mdomoni hayana shahidi.

La shairi la Kiswahili. Potifolio yetu ilisema kazi iwe ya Kiingereza, ila haikukataza tafsiri ya kazi yako mwenyewe. Mimi kwenye kurasa zangu niliweka mbili ambazo niliziandika kwanza Kiswahili, nikaweka Kiswahili kushoto na Kiingereza kulia. Mwalimu mmoja aliniambia baadaye hakuelewa kushoto hata neno moja lakini aliona mistari yote ina urefu sawa kama imekatwa kwa rula, ndo akajua huyu mtu kuna mahali anatokea. Kuna vyuo vina kabisa kozi ya tafsiri ya fasihi inayohesabika kama wokshopu, tafuta hiyo.

Na usiache kuandika Kiswahili kisa unaenda kusoma Kiingereza. Ile tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, ya zamani Mabati-Cornell iliyoanzishwa 2014, inapokea miswada ya Kiswahili, ushairi na riwaya. Nyumbani ipo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu. Huko hawakuulizi krediti.

ShangaziMkali:

Chumbageni, na hela ya maombi ya vyuo umeipata wapi? Maana hawa wakaka wanaeleza tu mawe na Chaucer.

Mla_Dagaa_Ughaibuni:

Shangazi upo sahihi kabisa. Binti, ada ya kuomba chuo unaweza kuomba usamehewe, vyuo vingi vina hiyo fomu au unaandika imeili kwa ofisi ya udahili kwa adabu unaeleza hali. Mimi nililipa chuo kimoja tu kati ya saba. Mtihani wa Kiingereza, angalia kama wanakubali Duolingo, ni nafuu kuliko TOEFL na IELTS na unafanyia nyumbani, cha muhimu umeme usikatike. Tafuta chuo kinachotoa msaada kwa wageni kulingana na uwezo wa familia, utajaza mapato ya mzazi kwenye CSS Profile (fomu ya mtandaoni ya kuombea msaada) au fomu ya chuo chenyewe. Mama yangu mapato yake ni genge, nilikaa naye jioni mbili tunahesabu mafungu ya nyanya. Ukishapata I-20, ile hati ya chuo ya kuombea viza, kuna ada ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi wageni) dola 350, halafu viza yenyewe. Hizo za SEVIS na viza kaa nazo kichwani mapema, hazisamehewi, mimi bamdogo aliuza bajaji ya mkopo.

Kesho nina thesisi ya mwisho ya kupeleka kwa msimamizi, kurasa 40 za hadithi na utangulizi wa kurasa 10 unaeleza umesoma nini na umejifunza nini kwa nani. Naenda kulala. Maswali mengine wekeni hapa nitajibu wikiendi.

BintiChumbageni:

Asante sana kaka, Mungu akuzidishie. Nimeshafungua katalogi tatu tangu asubuhi, moja ina potifolio, mbili hazina, na zote zina hiyo kabla ya 1800. Cheti cha fomu foo mama alikifungia kwenye sanduku la vitenge na funguo kaondoka nayo Muheza kwenye arusi. Anarudi Jumatatu.

Fundi_Cherehani:

Kufuli la sanduku ni pini moja tu hiyo, unataka nikuelekeze?

ShangaziMkali:

Wewe Fundi thubutu.